Kutoka Mongota hadi Korona: Chakula, Uzito wa Mwili na Lugha ya Afya miongoni mwa Wanawake wa Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uhusiano baina ya maradhi ya mlipuko, chakula na uzito wa mwili wa wanawake katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Vipindi vitatu vinachunguzwa: malale ya mwanzoni mwa karne ya 20, UKIMWI tangu miaka ya 1980, na UVIKO-19 kati ya 2020 na 2022. Hoja kuu ni kwamba kila amri ya kudhibiti ugonjwa ilikuwa pia amri juu ya chakula, na kwamba maneno ambayo jamii iliyarithi kutoka janga moja ndiyo yaliyotumika kuisoma miili ya wanawake katika janga lililofuata. Kwa kuwa UKIMWI uliufanya wembamba kuwa ishara ya kifo, unene ulioongezeka wakati wa korona ulipokewa kama afya, na kukonda kukafichwa kama aibu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wanaotunga sera za afya na za lugha.

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni 2020, siku chache baada ya magari ya abiria kuruhusiwa tena kusafiri, mwandishi wa makala haya aliingia sokoni Mbale baada ya zaidi ya miezi miwili ya kukaa ndani. Mama mmoja anayeuza ndizi alimpokea kwa furaha: “Mwalimu, umenawiri! Korona imekupenda.” Kisha akashusha sauti na kuuliza habari za jirani yetu mmoja, mshonaji nguo, ambaye alikuwa amepita hapo asubuhi. “Yule amekonda. Sijui ana nini.”

Mama yule hakuwa na nia mbaya. Kwa sentensi mbili alitoa hukumu mbili za kitabibu. Aliyeongezeka kilo alihesabiwa kuwa mzima. Aliyepungua akashukiwa kuwa mgonjwa. Ukweli ulikuwa kinyume. Mwalimu aliyekuwa akipokea mshahara alikuwa amekaa miezi miwili akila chapati na kunywa chai ya sukari bila kutembea hata kilomita moja. Mshonaji alikuwa amefungiwa duka lake na kubaki na mlo mmoja kwa siku. Mmoja alikuwa akikaribia shinikizo la damu, mwingine alikuwa na njaa, na lugha ya sokoni haikuwa na nafasi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Makala haya yanauliza lugha hiyo ilitoka wapi. Jibu linalotolewa ni la kihistoria. Maneno kama kunawiri, kukonda, posho, kinga na silimu yamebeba kumbukumbu za njaa, za utawala na za vifo. Mtafiti wa lugha anapoyafuata nyuma, anakutana na historia ya jiko la mwanamke wa mashariki mwa Uganda, historia ambayo takwimu za uzito peke yake haziwezi kuisimulia.

2.0 Mongota: Amri ya Afya Iliyohamisha Chakula

Janga la kwanza katika mfuatano huu ni malale. Ugonjwa huo uliripotiwa Busoga karibu na mwaka 1900, na mwaka 1901 wagonjwa wake wakatambuliwa na madaktari wa hospitali ya Mengo. Katika miaka iliyofuata, watu zaidi ya 200,000 walikufa katika maeneo ya ufuo wa ziwa na visiwa vyake. Wenyeji waliuita mongota, kwa maana ya kusinzia na kuinamisha kichwa. Jina hilo lilitokana na kitendo cha mwili kilichoonekana kwa macho. Ugonjwa ulijulikana kwa namna ulivyomfanya mtu akae.

Serikali ya kikoloni, chini ya Hesketh Bell aliyefika Uganda mwaka 1906, iliamua kuwaondoa watu katika ukanda wa maili mbili kutoka ufuoni, ili kuwatenganisha na mbung’o. Kitabibu, hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini kwa familia za Busoga ya kusini, ufuo ulikuwa ghala. Hapo ndipo samaki walipotoka, na hapo ndipo palipokuwa na migomba ya zamani ambayo kinamama waliitunza kizazi hadi kizazi. Aliyehamishwa aliacha shamba linalozaa na kuanza upya penye magugu. Busoga ilikumbwa na njaa mwaka 1907 na 1908, na njaa nyingine ikafuata mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Katika miongo hiyo watawala walihimiza kilimo cha mihogo na viazi vitamu kama akiba ya njaa. Viazi vitamu ndivyo vilivyokuja kuwa chakula kinachomtambulisha Msoga katika masimulizi na mizaha ya majirani zake.

Mbale ilikuwa na historia tofauti. Mji huo ulikua mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na makazi ya Semei Kakungulu na wafuasi wake, chini ya Mlima Elgon, katika nchi ya Wagisu ambao migomba na malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yalikuwa chakula chao. Mbale haikuwa ufuoni, na kwa hiyo haikuhamishwa. Hata hivyo, miji yote miwili ilishiriki jambo moja lililowahusu wanawake. Katika jamii nyingi za eneo hili, mwanamke alilima na kupika, lakini miiko ilimkataza kula kuku na mayai. Mwanamke aliyefuga kuku hakumla. Miiko hiyo ilidhoofika kadiri shule na dini zilivyoenea, lakini mpaka leo katika nyumba nyingi firigisi huwekwa kwenye sahani ya baba. Hii ndiyo sababu haitoshi kuuliza kaya ilikula nini wakati wa janga. Lazima kuulizwe pia nani katika kaya hiyo alikula nini.

3.0 Posho na Mafutamingi: Maneno ya Kiswahili katika Jiko la Uganda

Kati ya janga la malale na lile la UKIMWI, Jinja na Mbale zilipata chakula kipya na maneno mapya. Chakula ni mahindi. Neno ni posho.

Katika Kiswahili sanifu, posho ni chakula au fedha ambayo mtu hupewa kwa matumizi yake, hasa akiwa kazini au safarini. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walipewa posho, na askari wa kikoloni pia. Nchini Uganda, neno hili lilihama kutoka kwenye kitendo cha kugawa hadi kwenye kitu kilichogawiwa. Kwa Mganda wa leo, posho ni ugali wa mahindi. Mabadiliko haya ya maana yanaeleza mengi kuhusu namna mahindi yalivyoingia. Hayakuanza kama chakula cha nyumbani. Yaliingia kupitia kambi, gereza, shule na mashamba makubwa. Jinja, yenye kambi ya jeshi, kiwanda cha sukari cha Kakira kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ilikuwa mahali pa kufaa kwa posho. Kibarua aliyetoka mbali alikula unga wa mahindi na maharage, na alizungumza na wenzake kwa Kiswahili. Matoke yaliendelea kuwa chakula cha nyumbani na cha heshima. Posho ilikuwa chakula cha mtu aliye chini ya amri ya mtu mwingine.

Neno la pili lilizaliwa baada ya 1972. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka huo, maduka na viwanda vya Jinja na Mbale vilikabidhiwa kwa watu wachache wenye mafungamano na utawala. Wananchi waliwaita mafutamingi. Upatanisho wa kisarufi si sanifu, lakini picha inaeleweka. Utajiri wa ghafla ulionekana kama shahamu mwilini. Wakati huohuo sukari, chumvi na sabuni zilikuwa adimu, na magendo, neno jingine la Kiswahili, yakawa njia ya kuzipata kupitia mpaka wa Kenya ulio karibu na Mbale. Katika miaka hiyo, mke aliyenenepa alikuwa tangazo la nyumba iliyo na njia zake. Chai yenye sukari ilikuwa heshima kwa mgeni. Kizazi cha kinamama waliokuwa watoto katika miaka ya 1970 kilijifunza kwamba sukari ni kitu unachokunywa unapoweza, kwa sababu kesho huenda isiwepo.

Hivyo kabla hata UKIMWI haujafika, tayari eneo hili lilikuwa na mizani mbili za maneno. Kwenye mzani mmoja kulikuwa na unene kama uwezo. Kwenye mwingine kulikuwa na chakula cha kugawiwa kama alama ya unyonge.

4.0 Silimu: Wembamba Unapokuwa Hukumu

Oktoba 1985, Serwadda na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet maelezo ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiua watu kusini mwa Uganda. Jina walilolitumia lilikuwa lile walilolisikia kwa wananchi wenyewe: slim, yaani wembamba. Neno hilo la Kiingereza liliingia katika lugha za Uganda kama silimu. Kiluganda kilikuwa na jina lake pia, mukenenya, linaloeleza kupungua kidogo kidogo kama kitu kinachovuja. Ng’ambo ya mpaka, Tanzania iliunda kifupi UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, kilichoeleza kinachotokea ndani ya mwili. Uganda ilibaki na jina la kinachoonekana nje.

Tofauti hii ya majina si jambo dogo. Jina la ugonjwa linapokuwa sawa na jina la umbo, kila mwenye umbo hilo anakuwa mshukiwa. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa anaishi na virusi, na picha za mwili wake uliodhoofika zilibaki katika kumbukumbu za taifa zima. Mwanamke aliyepungua kilo kwa sababu ya malaria, uchungu wa msiba au njaa alijikuta akitazamwa. Mjane mwembamba alitazamwa zaidi. Kinyume chake, mwili mnene ukawa cheti cha usalama. Salamu ya Kiluganda “Ogezze!”, yaani umenenepa, ambayo tangu zamani ilikuwa pongezi, ilipata uzito mpya. Ilimaanisha: wewe huna.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kupatikana kwa wingi kuanzia mwaka 2004, uhusiano huo uliimarishwa badala ya kulegezwa. Katika vituo kama vile vya TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na lenye vituo Jinja na Mbale, mizani ilikuwa sehemu ya kila ziara. Kilo zilizopanda zilikuwa habari njema, na zilistahili kuwa hivyo. Mgonjwa aliyerudisha mwili alikuwa amerudi kutoka kaburini. Haikuwezekana kutarajia kwamba mama huyohuyo, miaka 15 baadaye, angeelewa kirahisi kwamba mshale wa mizani ukiendelea kupanda habari inageuka kuwa mbaya.

Na kwa kweli mshale ulikuwa ukipanda. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa takriban asilimia 17 mwaka 2006, asilimia 19 mwaka 2011 na asilimia 24 mwaka 2016. Wakazi wa mijini na wenye kipato walikuwa na kiwango kikubwa kuliko wengine. Sababu zake zinajulikana: kazi za kukaa, pikipiki za bodaboda hata kwa safari fupi, mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa vipimo vidogo, na vyakula vya ngano kama mandazi na rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai ndani yake. Korona haikuuanzisha mwelekeo huu. Iliukuta njiani.

5.0 Korona: Amri za Afya na Ratiba ya Jiko

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alithibitishwa nchini Uganda tarehe 21 Machi 2020. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa siku moja kabla. Tarehe 25 Machi usafiri wa umma ulipigwa marufuku, na mwishoni mwa mwezi ikatangazwa kafyu kuanzia saa 1 jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi. Magari ya abiria yalirudi tarehe 4 Juni, bodaboda za abiria zikarudi tarehe 27 Julai. Zuio la pili la siku 42 lilianza Juni 2021. Kafyu haikuondolewa kabisa mpaka Januari 2022, mwezi uleule shule zilipofunguliwa kikamilifu baada ya karibu miaka miwili. Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, katikati ya vizuizi hivyo. Majiji yalizaliwa watu wakiwa ndani.

Kila moja ya amri hizi, ikisomwa kwa jicho la mpishi, ni amri ya chakula.

Kafyu ya saa 1 jioni iliua soko la jioni. Katika miji ya Uganda kinamama wengi huuza mboga, nyanya, samaki wadogo na matunda kando ya barabara watu wanaporudi kazini. Masoko haya huitwa toninyira mukange, kwa maana ya “usinikanyagie changu”. Hapo ndipo mama mwenye kipato kidogo hununua mboga ya siku, kwa bei ya kushuka, kabla haijanyauka. Soko hilo lilipofungwa, muuzaji alipoteza kipato na mnunuzi alipoteza mboga. Kilichobaki ni kile kinachokaa ghalani: unga, mchele, maharage, sukari.

Amri iliyowataka wauza vyakula walale sokoni iliwagusa wanawake kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wengi kwenye meza za mboga na nafaka. Mama aliyelala kando ya magunia yake aliwaachia mabinti zake jiko la nyumbani. Yeye mwenyewe alikula alichokipata.

Kufungwa kwa shule kulihamisha mlo wa mchana. Takriban wanafunzi milioni 15 walirudi nyumbani, na wengi wao walikuwa wakila posho na maharage shuleni. Sasa mlo huo ulipikwa na mama. Nyumba iliyokuwa ikiwasha moto mara mbili iliwasha mara tatu au nne, na anayepika huonja. Penye uwezo, jiko lililowaka mchana kutwa lilileta vitafunio vya mara kwa mara. Pasipo uwezo, sufuria ileile iligawanywa kwa vinywa vingi zaidi, na mama akapakua sahani yake mwisho.

Kusitishwa kwa usafiri nako kulikuwa na sura mbili. Kwa aliyelazimika kwenda kutafuta riziki, miguu ilichukua nafasi ya bodaboda, na mwili ukapungua. Kwa aliyekaa ndani, hata hatua za kwenda kituoni zilikoma. Mwezi Aprili 2020, baada ya kupiga marufuku mazoezi ya nje, Rais Museveni alionekana katika video akifanya mazoezi ofisini kwake ili kuwahimiza wananchi wafanye hivyo majumbani. Video ilipendwa na kuzungumzwa sana. Lakini chumba kimoja cha kupanga chenye kitanda, jiko na watoto watano hakina zulia la mazoezi.

Ramadhani ya mwaka huo, iliyoanza mwishoni mwa Aprili, iliangukia katika zuio. Kwa Waislamu wa Mbale na Jinja, futari ya pamoja misikitini haikuwezekana. Mama aliyezoea kupokea wageni na kupeleka sahani kwa jirani alipikia nyumba yake peke yake. Wenye nacho walibaki na ziada, na waliozoea kupelekewa walibaki wakisubiri. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Zuio lilihakikisha kwamba hawaonani hata mlangoni.

6.0 Posho Inarudi kwenye Maana Yake

Tarehe 4 Aprili 2020 serikali ilianza kugawa chakula kwa wakazi wenye uhitaji wa Kampala na Wakiso. Kila mtu alitengewa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage, pamoja na chumvi. Wanaonyonyesha na wagonjwa walitengewa maziwa ya unga na sukari. Kilo hizo zikigawanywa kwa siku 14, ni takriban gramu 430 za unga na gramu 215 za maharage kwa siku. Kwa kipimo cha kushibisha, si haba. Lakini hakuna mboga, matunda wala mafuta. Ni mlo wa kibarua wa miaka ya 1930, umerudi ukiwa na jina lake. Neno posho, ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa limetulia kwenye maana ya ugali, lilirejea kwenye maana ya mgao.

Jinja na Mbale hazikuwamo katika mgao huo. Zilitegemea misaada iliyokusanywa na vikosi kazi vya wilaya, jamaa na majirani. Katika zuio la pili, Julai 2021, serikali ilibadili mbinu: ikatuma shilingi 100,000 kwa njia ya simu kwa kaya zilizoorodheshwa katika majiji na manispaa. Kwa mtazamo wa lishe, tofauti kati ya mbinu hizi mbili ni kubwa. Unga unaamua mlo. Fedha inamwachia mama uamuzi, ilimradi soko la mboga liko wazi na fedha imefika mkononi mwake badala ya simu ya mume. Kwa watunga sera, hili ni somo lenye thamani kuliko hesabu ya tani zilizogawiwa.

7.0 Miili Miwili, Wastani Mmoja

Kutokana na hayo, ni wazi kwamba janga halikuwa na athari moja kwa uzito wa wanawake. Lilikuwa na athari mbili zinazopingana. Wenye mshahara, wenye waume wenye mshahara na wanafunzi wa vyuo waliorudi kwa wazazi walielekea kuongezeka. Wauzaji wadogo, wahudumu wa hoteli za kitalii za Jinja zilizokosa wageni, washonaji, wasusi na walimu wa shule binafsi waliosimamishwa mishahara walielekea kupungua. Na wapo waliopitia yote mawili: walinenepa kwa wanga huku miili yao ikikosa madini na vitamini. Mtu anaweza kuwa mnene na mwenye njaa kwa wakati mmoja.

Hapa kuna hatari ya kitakwimu. Tafiti za kitaifa za afya zilifanyika mwaka 2016 na kisha 2022. Miaka ya zuio imo katikati. Mwanamke mmoja akiongezeka kilo 5 na mwenzake akipungua kilo 5, wastani wao haubadiliki, na mtawala anayesoma wastani ataambiwa kwamba hakuna kilichotokea. Historia ya Jinja na Mbale inatuonya tusiridhike na namba inayojumlisha nyumba ya mwalimu na ya mshonaji.

Kuna pia hatari ya uhai. Ilidhihirika mapema ulimwenguni kwamba unene uliokithiri, kisukari na shinikizo la damu huongeza uwezekano wa UVIKO-19 kuwa mkali. Kwa hiyo mwili uliosifiwa sokoni ulikuwa ndio ulio katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa uliokuwa ukiogopwa. Wakati huohuo, waliokonda walibeba mzigo wa neno silimu. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI, kukosekana kwa usafiri kulifanya safari ya kufuata dawa kuwa ngumu, na kupungua kwa mwili kukatishia kufichua siri aliyoitunza kwa miaka. Mwingine asiye na virusi alijifungia ndani ili asionekane. Hivyo wa kwanza hakutafuta ushauri kwa sababu alisifiwa, na wa pili hakutafuta msaada kwa sababu alishukiwa.

8.0 Kinga: Neno Lililovuka Kutoka Janga Moja hadi Jingine

Ujumbe uliosikika zaidi katika siku za kwanza za korona ulihusu umbali na usafi. Neno la Kiluganda tonsemberera, usinikaribie, lilijulikana kwa kila mtoto. Kuhusu chakula, neno lililotawala lilikuwa kinga. Watu walihimizana kujenga kinga kwa tangawizi, ndimu, vitunguu saumu na kula vizuri. Neno hili halikuwa geni. UKIMWI ndio ulioliingiza katika mazungumzo ya kila siku, kwa sababu limo ndani ya kifupi chenyewe. Lakini lilikuja na fundisho lake la zamani: kinga huonekana kwa mwili ulionona. Kula vizuri kukaeleweka kuwa ni kula kwa wingi.

Jina la ugonjwa wenyewe halikusaidia. Mongota lilitaja kusinzia, silimu likataja wembamba. Korona ni jina la umbo la kirusi kinachoonekana kwa hadubini tu. Kiswahili sanifu kiliunda UVIKO-19, kifupi sahihi, lakini nacho hakisemi lolote kuhusu mwili wa mgonjwa. Pale ambapo jina halitoi dalili, watu huazima dalili za janga lililotangulia. Ndivyo wanawake wa Jinja na Mbale walivyosomwa mwaka 2020 kwa alfabeti ya mwaka 1985.

Kiswahili chenyewe kina lawama yake. Tunasema mtu “ana afya” tukimaanisha kuwa ni mnene. Tunasema “amenawiri”, “amejaa”, “mwili umemkubali”. Kwa upande wa unene unaodhuru, msamiati uliopo ni wa kejeli, kama bonge, au wa kitaalamu usiofika sokoni, kama unene uliokithiri. Daktari anayemweleza mama kwamba uwiano wa uzito na urefu wake umepita 30 anatumia kipimo cha kweli katika lugha ambayo mama hana mahali pa kuiweka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika mashariki mwa Uganda, hatua za kudhibiti maradhi zimekuwa zikiingia jikoni bila kubisha hodi. Kuhamishwa kwa ufuo kuliondoa samaki na migomba. UKIMWI uligeuza mizani kuwa hakimu. Zuio la 2020 liliondoa mboga ya jioni na kuleta unga. Katika kila kipindi, mwanamke ndiye aliyepika kilichobaki na ndiye aliyesomwa kwa matokeo yake.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, amri yoyote ya dharura ya afya ipitiwe na mtu anayeuliza swali la jiko: je, saa hii ya kafyu inaacha soko la mboga? Mgao huu una nini zaidi ya wanga? Nani atapakuliwa mwisho? Pili, uzito wa wanawake baada ya janga upimwe kwa makundi ya kazi na kipato, si kwa wastani wa jiji, na vituo vilivyozoea kushangilia kilo zinazopanda viwe na mafunzo ya kueleza mpaka wake. Tatu, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na baraza la mawaziri liliidhinisha ufundishaji wake shuleni mwaka 2022, wataalamu wa lugha na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wakae na wauguzi na kinamama wa masoko kutafuta maneno ya staha yanayotenganisha unene na afya, na wembamba na silimu. Kazi hiyo ifanywe sambamba katika Lusoga, Lumasaba, Luganda na Ateso, kwa sababu mama hupokea habari za mwili wake kwa lugha anayozungumza na jirani.

Mshonaji aliyepita sokoni asubuhi ile alikuwa na njaa. Hakuwa na ugonjwa. Hakuna aliyemuuliza kama amekula, kwa sababu kila aliyemtazama alidhani tayari anajua jibu.